Pora wa Mzee Nicanor

Kambi ya miwa ya Cuatro Cruces,
5 Februari 1984

Binti yangu Yocasta,

Mungu akubariki na akukinge na baridi ya huko. Mimi baba yako nina miaka sabini na mmoja. Nimezika wake wawili. Nimezika wasimamizi wanne wa kiwanda ambao kila mmoja aliapa atanizika mimi. Nimeishi kumpita yule Mkuu wa nchi aliyetukalia shingoni miaka thelathini na moja. Askari wa Kimarekani nimewaona wakishuka mara mbili na mara mbili wakipanda meli zao kurudi, nami niko palepale. Vimbunga vitatu vimeniezua paa, mara tatu nimelirudisha. Gari la ng'ombe limenipita juu ya mguu wa kushoto. Mguu ukapona, gari likavunjika ekseli. Nakuandikia hivyo ili ujue anayekuandikia ni nani, kwa sababu najua utanibishia.

Hujambo lakini? Kifua kimepona? Lino kaka yako hajambo? Msalimie hata kama yeye hanisalimii. Sisi huku wazima, maharage yamezaa, na mlango wa nyuma nimeutengeneza.

Barua hii sikumpa mwalimu aniandikie kama zile nyingine. Nimeandika mwenyewe, kwa herufi nilizofundishwa na karani wa mizani ya miwa nikiwa na miaka arobaini, kwa hiyo usinicheke mistari ikipanda mlima. Jambo lenyewe ni langu na sitaki mwalimu alijue kabla yako.

Mwanao ana mkono.

Juzi panya alikuwa ananyemelea vifaranga vyangu kando ya ukuta. Nikasema, "Wilkin, mfukuze." Mtoto akaokota limau bichi, akiwa kule kwenye pipa la maji, hatua arobaini, nimezipima mwenyewe. Akarusha. Panya alianguka kama aliyepigwa risasi, na limau likapasuka ukutani. Miaka kumi na mitatu! Nikaangalia huku na huku kama kuna mwingine aliyeona, hakuna. Nikamwambia rusha tena. Akaligonga pipa, akagonga kopo, akagonga kwato ya ng'ombe, ng'ombe akanipiga teke mimi.

Sasa unajua kazi yangu. Katika kambi zote mpaka San Pedro hakuna mtu anayeandaa jogoo wa kupigana kama mimi. Jogoo wangu anafungiwa peke yake. Anapimiwa mahindi. Anasuguliwa mapaja kwa ramu mpaka ngozi inakuwa nyekundu kama pilipili. Anatembezwa, anachokozwa, ananyimwa, na siku ya siku akiwekwa chini anamaliza kazi kabla watu hawajakaa. Mtoto naye ni hivyohivyo. Kukipambazuka anakimbia nyuma ya gari la ng'ombe mpaka mizani. Akirudi anarusha mipira mia mbili kwenye tairi nililotundika. Ana kasoro moja tu, kiwiko kinashuka akichoka. Hilo nimelipatia dawa: nimekifunga kiwiko kwa kamba ya ng'ombe mpaka kwenye boriti juu, kikitaka kushuka hakiwezi. Akisahau, fimbo yangu ya kuswagia inamkumbusha. Na ule mchezo wao wa vifuniko vya galoni za maji, wa kupiga kwa mpini wa ufagio, nimeupiga marufuku. Unaharibu kifundo cha mkono.

Aprili kuna mashindano ya watoto kwenye uwanja wa kiwanda, na fainali ni Jumapili tarehe ishirini na tisa. Atakuja mtu wa kofia nyeupe kutoka kaskazini, anayechagua watoto wa besiboli na kuwapeleka mji mkuu wakalelewe. Na kambi ya Palo Seco italetwa na Fiyo Severino, mbwa yule, ambaye mwaka wa sitini na moja jogoo wangu alimtoboa jicho jogoo wake na yeye akanipasua juu ya nyusi kwa chupa. Anawatandika watoto wake kwa mkanda wa suruali mbele ya mama zao. Mpigaji wake mkubwa ni mwanawe, Danilo. Nataka Wilkin amtie aibu Danilo na nataka Fiyo aone.

Nipe neno lako la heri.

Baba yako,
Nicanor Peguero


Lawrence, Massachusetts,
27 Februari 1984

Baba, naomba baraka yako.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, mguu haukusumbui, na Wilkin hana homa. Mimi kifua kimepoa. Theluji imefika kwenye dirisha, tunatoka mlangoni kwa koleo. Kiwandani nashona soli, na Jumamosi nafanya usafi kwenye zahanati ya daktari mmoja, mtu mpole.

Barua yako nimeisoma ngazini, kisha nikashuka ghorofa ya chini kumsomea Lino. Alikuwa anachana nywele. Baba, unajua Lino anachana nywele kwa mkono gani? Wa kushoto. Ule wa kulia haufiki kichwani tangu ana miaka kumi na mitano. Aliponisikia nasoma habari ya kamba na boriti aliweka kitana chini akasema, "Boriti ileile?" Mimi nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa nikihesabu fimbo kutoka chini ya kitanda. Unadhani nimesahau?

Nilimuuliza daktari. Alinichorea kwenye karatasi. Anasema mfupa wa kiwiko cha mtoto bado haujafunga. Mwishoni una sehemu laini, kama gegedu ya kuku. Ukivutwa kila siku unachanika, na siku moja unang'oka wote. Akaniuliza mtoto anarusha mingapi kwa siku. Niliona aibu kumwambia mia mbili, nikamwambia mia. Hata hiyo mia ilimfanya avue miwani.

Baba, wewe hujawahi kumpeleka pora ulingoni. Tangu nina akili zangu, watu walikuwa wakija kukubembeleza wanunue wale vijana wako, na wewe unawajibu, "Huyu ni pora, hajatimiza mwaka, mifupa yake ni maji. Mrudi Desemba." Ulimfukuza mpaka sajini kwa ajili ya pora mmoja. Nakuuliza kwa heshima zote: Wilkin ametimiza mwaka?

Ifungue kamba. Mwache acheze vifuniko na wenzake. Karatasi zake za kuja huku zinakaribia, huenda Juni.

Mwambie mama yake anambariki.

Binti yako,
Yocasta


Cuatro Cruces,
25 Machi 1984

Binti yangu,

Mungu akubariki. Natumaini theluji imepungua. Sisi wazima, tumekula maharage ya sukari ya Kwaresima, Mercedita jirani alituletea bakuli zima na mtoto akalamba mpaka chini.

Daktari wako hajui kuku wala hajui watu. Jogoo ana mabawa, mtoto ana mikono, usinichanganyie. Na Lino usinitajie. Lino hakuvunjwa na kamba, Lino alikuwa mlegevu, alikuwa analia kabla fimbo haijafika. Mimi nilikata miwa nikiwa na miaka minane, na mikono yangu hii hapa, mpaka leo navunja nazi kwa ngumi, muulize yeyote.

Kamba nimeifungua, lakini si kwa ajili yako. Nimeifungua kwa sababu kiwiko kimeshajifunza. Sasa hakishuki. Nimemfundisha na mpira wa kupinda, ule unaokuja kama unaelekea kwenye bega halafu unazama gotini. Ukiuona utashika mdomo. Kiwiko kinapata joto kidogo jioni na kuvimba kama yai. Nakisugua kwa ramu, namfungia chumbani gizani mchana apumzike mbali na wenzake, kesho yake anarusha. Hasemi neno. Hiyo ndiyo damu yangu.

Jumapili tulicheza na Palo Seco mechi ya kujipima. Fiyo akasimama kando ya uwanja na lile tumbo lake. "We Nicanor! Huyo mtoto au ndama? Nasikia unamfunga kamba!"

Nikamjibu, "Bora kamba yangu kuliko mkanda wako! Wewe suruali inakudondoka kwa sababu mkanda uko mgongoni kwa watoto!"

Watu walicheka mpaka mwamuzi akasimamisha mchezo. Fiyo akaja mpaka pua kwa pua, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, nakuambia bila utani. Mtoto anajishika kiwiko ukigeuka."

Nikamsukuma. Akanisukuma. Nikampiga kofi lililosikika mpaka stoo, na yeye akanitoa jino moja, lile lililokuwa limeshalegea kwa hiyo si hasara. Wazazi wa pande zote wakaingia uwanjani wakipigana kwa ubapa wa mapanga, mama mmoja akampiga mwamuzi kwa sufuria. Watoto walikwenda kukaa chini ya mti wa mkorosho na kucheza vifuniko mpaka tulipomaliza. Siku nzuri. Tulishinda, Danilo alipunga hewa mara tatu bila kuugusa mpira.

Kujishika kiwiko ni tabia tu. Usimsikilize.

Baba yako,
Nicanor


Lawrence,
25 Aprili 1984

Baba, naomba baraka yako.

Sina nafasi ya salamu ndefu, namwahi dada wa Mercedita anayesafiri kesho ili barua ikufikie kwa mkono.

Yai kwenye kiwiko ndiko kule kuchanika. Nimemwonyesha daktari barua yako. Amesema mtoto asirushe hata jiwe. Hata jiwe, Baba. Amesema akiendelea utasikia mlio.

Karatasi zimetoka. Wilkin anasafiri mwisho wa Juni na dada wa Mercedita. Nataka mwanangu aje na mikono miwili.

Mimi sijawahi kukuamuru. Lino alipoondoka nilinyamaza, Mama alipokufa nilinyamaza. Leo nakuamuru. Tarehe ishirini na tisa Wilkin asiingie uwanjani. Akiingia, usiniandikie tena ukianza na Mungu akubariki, kwa sababu sitaipokea.

Yocasta


San Pedro,
12 Mei 1984

Binti yangu,

Salamu. Niko mjini kwa kazi fulani ya siku chache, ndiyo maana karatasi ni nyingine. Fainali ilikuwa ngumu, hatukushinda lakini hatukuaibika. Wilkin mkono umechoka kidogo, anapumzika kwa watu wazuri. Usihangaike. Nitakuandikia vizuri nikirudi nyumbani.

Baba yako,
N. Peguero


Lawrence,
22 Mei 1984

Mzee Nicanor,

Mercedita ameniandikia. Najua kazi uliyonayo mjini ina nondo dirishani. Najua mwanangu alilazwa siku nane na amewekewa plasta kutoka bega mpaka vidole. Najua umemkata mtu panga. Mercedita anasema hakuona mwanzo, alikuwa kwenye mstari wa maji, na kila mtu anasimulia lake.

Sikuombi baraka. Nataka kuambiwa. Wewe umejisifu mbele yangu tangu nizaliwe, nimejua umevunja nazi ngapi na umezika wangapi. Sasa nisimulie hili kama unavyosimulia yale. Usiruke kitu.

Mama yake Wilkin


Cuatro Cruces,
17 Juni 1984

Yocasta,

Nimeacha mstari wa kwanza, ule wa baraka, mtupu kama ulivyotaka.

Nimetoka tarehe thelathini na moja. Niko mzima. Sikuulizi hali yako kwa sababu naijua.

Barua yako ya Aprili ilifika. Asikudanganye mtu kwamba ilichelewa. Dada wa Mercedita alinipa mkononi Ijumaa, na Ijumaa hiyo Wilkin alikuwa ameshacheza mechi ya kwanza. Niliisoma mara mbili. Nikaikunja nikaitia kwenye mfuko wa shati. Jumamosi akacheza ya pili. Jumapili ya fainali barua yako ilikuwa kifuani kwangu, na jasho langu lilifuta nusu ya maneno.

Jumapili asubuhi kiwiko kilikuwa hakikunjuki. Alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto, ndizi za kuponda zinadondoka. Nikamsugua kwa ramu, akauma taulo. Aliniambia, "Babu, leo mkono hausikii kitu. Vidole sivisikii." Nikamwambia, "Jogoo hasemi." Hayo ndiyo maneno yangu, nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Mpaka raundi ya tano tulikuwa mbele kwa moja. Mtu wa kofia nyeupe alikuwa kwenye kiti nyuma ya wavu na daftari lake. Halafu mipira ikaanza kwenda hovyo. Palo Seco wakajaa kwenye vituo vyote vitatu, na anayekuja kupiga ni Danilo. Fiyo hakupiga kelele za kawaida. Alisema, "Nicanor, mtoe mtoto." Watu wake wakashangaa, hata Danilo aligeuka. "Mtoe, mzee. Nakuachia ushindi, mtoe."

Mimi niliona ananidhihaki. Nilitembea mpaka katikati, na fimbo yangu ya kuswagia. Nikamwambia Wilkin, "Huyu Danilo amekusogelea sana. Mrushie kwenye sikio. Akianguka, wote wataogopa."

Akasema, "Hapana, Babu. Danilo ni rafiki yangu."

Sikujua hilo. Walikuwa wanacheza vifuniko pamoja nyuma ya mizani, siku zote nilizodhani amelala gizani. Dirisha la chumba kile halina komeo.

Nilimpiga, Yocasta. Fimbo mbili za mgongo na moja ya mguu, mbele ya watu mia tatu. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyenizuia. Akafuta uso kwa bega, akapanda kwenye kilima cha kurushia. Akaninyanyulia macho na kunitazama muda mrefu. Halafu akarusha kwa nguvu zake zote, na hakurusha kwenye sikio. Alirusha katikati kabisa, mpira ulionyooka, wa haki.

Mlio niliusikia. Daktari wako alisema kweli. Nimekata miwa miaka sitini, najua sauti ya muwa mkavu ukivunjwa gotini. Ilikuwa hiyo. Mpira haukufika, ulidondoka hatua sita ukabingirika. Mtoto alipiga magoti, mkono unaning'inia umegeuka, kiganja kinatazama nje. Hakulia. Alikuwa anautazama mkono kama kitu cha mtu mwingine.

Wa kwanza kufika alikuwa Fiyo. Tumbo lake lote lile, alikimbia kama kijana, anavua shati huku anakimbia. Mimi nikaona Fiyo Severino anamrukia mjukuu wangu. Ndivyo nilivyoona, ingawa sasa najua nilichoona na nilichotaka kuona si kimoja. Panga lilikuwa kwenye benchi. Nilimkata mara mbili. La kwanza begani, la pili alikinga kwa mkono, likafika mfupani. Damu iliruka mpaka kwenye uso wa Wilkin. Fiyo hakunirudishia. Alikuwa bado ameshika lile shati, anajaribu kumfunga mtoto kwa mkono uliobaki mzima. Nilinyanyua la tatu.

Wilkin alijilaza juu yake. Na mkono ule uliovunjika, alijitupa juu ya Fiyo, akaniambia, "Nikate mimi sasa, Babu. Maliza."

Panga lilinitoka. Danilo alinipiga na gongo lake la besiboli kwenye mbavu, mbili zilikwenda, na alifanya vizuri. Wakanikanyaga, sikumbuki ni wangapi. Mtu wa kofia nyeupe alifunga daftari. Alipokuwa akipita mimi nikiwa chini, aliniuliza jambo moja tu: "Mzee, amerusha mingapi tangu Ijumaa?" Nikafungua kinywa kumtajia, mimi ninayehesabu kila kitu, na sikuwa najua. Hesabu ya punje za mahindi za jogoo wangu ninayo ya kila siku. Hiyo sikuwa nayo.

Umesema nisimulie kama ninavyosimulia yale mengine. Basi sikia. Miaka arobaini nimeandaa majogoo na hakuna pora hata mmoja aliyeingia ulingoni kutoka kwenye uzio wangu. Majirani wanajua. Nilikataa kwa sajini, nilikataa kwa mtoto wa msimamizi aliyekuja na bastola. Wewe uliniuliza kwa barua kama Wilkin ametimiza mwaka na mimi nikakujibu mambo ya mabawa. Nilijua jibu. Nililijua kabla hujauliza. Nililijua na kwa Lino pia.

Fiyo alikwenda kwa hakimu mkono uko kwenye kitambaa, akasema tulikuwa tunagombana wote na panga lilikuwa la wote. Ndiyo maana nilipata mwezi mmoja, si miaka. Nilipotoka nilimfuata kumuuliza kwa nini. Alikuwa amekaa mlangoni, anamenya mihogo kwa shida. Hakunikaribisha kiti. Akasema, "Usidhani ni kwa ajili yako, bwege we. Mtoto aliniomba." Kisha akasema, "Na mkanda nimeutupa chooni. Suruali naifunga kwa katani. Cheka basi." Sikucheka. Vidole vyake viwili havifungi, msimu huu hatakata miwa. Nimemkatia mimi safu yake tangu Juni mosi na mbavu zangu hizi, na nitaimaliza. Hakunishukuru na sitaki.

Wilkin yuko kwake. Hospitali walipomruhusu alisema anakwenda Palo Seco. Plasta imetolewa Jumatatu. Daktari wa hapa anasema mkono utakunjika nusu, labda kidogo zaidi ukimpeleka kwa wa huko. Ataandika, atakula, atashika mtoto wake. Kurusha, hapana.

Hajaniomba baraka tangu siku ile. Ananipita njiani. Zamani alikuwa hatoki hata kwenda kuchota maji bila kusema, "Baraka, Babu." Nilikuwa namjibu bila kumtazama.

Jana mchana nilipeleka miwa ya Fiyo mizani, nikapitia kwake. Watoto walikuwa wanacheza vifuniko uani. Mpini wa ufagio, makopo mawili ya mafuta kuwa mipaka, kelele hadi mbinguni. Wilkin alikuwa anarusha. Kwa kushoto, Yocasta. Nilisimama nje ya uzio.

Anarusha vibaya. Kiwiko kinashuka, mguu unatangulia, bega liko wazi kama mlango, kifuniko kinakwenda kwa kuku. Wenzake wanamzomea, "Kushoto ya bibi kizee!" na yeye anawajibu, "Na bibi kizee amekutoa wewe mara mbili, mpumbavu!" Anacheka mpaka anajishika tumbo. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo, nami nimeishi naye miaka miwili. Halafu akarusha kimoja, sijui alikifanyaje, kilipanda, kikasimama hewani, kikaanguka kama jani nyuma ya mpini. Danilo alipunga mpaka akakaa chini.

Neno lilinijia mdomoni. Nilijua kasoro yake na nilijua dawa yake. Kiwiko, inua kiwiko. Niliuma ulimi mpaka damu ikajaa, nikaimeza. Nikashika uzio kwa mikono miwili. Walicheza mpaka jua likafika kwenye paa la stoo na mimi nimesimama. Wilkin aliniona. Alisimama na kifuniko mkononi, ananitazama, anangoja niseme. Kisha akageuka akarusha, kiwiko kimeshuka palepale.

Nimefanya mambo mengi makubwa na nimekuandikia yote. Hili ndilo kubwa kuliko yote na najua hutaniamini, kwa hiyo usiniulize mimi. Dada wa Mercedita anamleta tarehe thelathini, atakuwa na sanduku langu la mbao na shati jipya. Muulize Mercedita, alikuwa uani kwa Fiyo anapeta maharage. Mwandikie Fiyo Severino wa Palo Seco, ambaye hana sababu duniani ya kunisifu. Muulize Danilo, mtoto mkali yule, hasemi uongo. Na Wilkin mwenyewe akishakaa, akishakula, muulize kama siku ile alimsikia babu yake akisema neno hata moja.

Nicanor